Shamba moja, nyumba mbili: kisa cha ugali wa muhogo Kasulu

Watu wanne wa nyumba moja walikula ugali wa muhogo kwa kisamvu saa mbili usiku. Kabla ya saa tano mtoto wa miaka sita alikuwa ametapika hadi hana cha kutapika, dada yake analia kichwa, na mama yao hawezi kusimama bila kushika ukuta. Baba alichelewa kurudi akakuta chakula kidogo; yeye alipata kichefuchefu tu. Ilikuwa Julai 2024, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kasulu, mkoani Kigoma. Kijiji sikitaji wala watu siwataji, na baadhi ya mambo ya ndani nimeyaunganisha kutoka kaya zaidi ya moja ili asitambulike mtu.

Zahanati walifikishwa kwa bodaboda. Tabibu wa zamu alianza na kile ambacho kila tabibu wa Kigoma huanza nacho, kipimo cha malaria. Hakuna. Kuharisha hakukuwepo, kwa hiyo kipindupindu kikawekwa kando. Akatafuta dalili za dawa za kuulia wadudu, maana katika nyumba nyingi za wakulima wa tumbaku na nyanya chupa za dawa hukaa hadi jikoni: mate hayakuwa yakiwatoka, mboni za macho hazikubana, jasho lilikuwa la kawaida. Akawatundikia dripu walioishiwa nguvu, akawalaza. Adhuhuri ya kesho yake wote walikuwa wamekaa kitandani wanaomba uji. Maradhi yanayoanza ndani ya saa chache baada ya kula, yanayowapata waliokula chungu kimoja, yanayompiga zaidi mtoto kuliko mtu mzima na kuondoka ndani ya siku moja, humfanya mtu ashuku sumu kabla hajashuku kijidudu. Tabibu aliandika hivyo kwenye daftari, kisha akanipigia mimi, bwana shamba wa kata, kwa sababu waliokula walikuwa wamekula cha shambani mwao.

Ua ule una nyumba mbili. Katika ya pili anaishi bibi, mama mzazi wa yule baba, pamoja na wajukuu wawili, watoto wa binti yake. Jioni ileile nao walikula ugali wa muhogo uliochimbwa shamba lilelile, wiki ileile. Hakuna aliyeumwa hata kichwa. Kijijini jambo hilo lilishapata maelezo kabla sijafika: bibi hapatani na mkamwana wake. Maneno ya namna hiyo katika vijiji vyetu hayaishii kwenye maneno, na nilifurahi kwamba mwenyekiti wa kitongoji alikuwa na busara ya kuyazima mapema.

Kwa anayechunguza, nyumba mbili zilizokula shamba moja na kupata matokeo mawili ni bahati ambayo haipatikani mara nyingi. Unaanza kufuta yanayofanana. Maji walichota kisima kimoja. Unga walisaga mashine moja. Kisamvu kilitwangwa kwenye kinu kimoja, kikachemshwa sufuria moja kisha wakagawana, kwa hiyo hakiwezi kuwa ndicho kilichodhuru, ingawa jani la muhogo bichi huwa na sumu nyingi kuliko hata mzizi. Chumvi ni ya duka moja. Kilichobaki ni namna kila nyumba ilivyoutengeneza muhogo kabla haujawa unga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Muhogo wako uliutengenezaje?"

"Niliumenya, nikauloweka, nikauanika. Kuna namna nyingine?"

"Uliuloweka siku ngapi?"

"Mpaka ulainike. Muhogo wa nguruwe hauhesabiwi siku, unabonyezwa."

Jibu hilo lilinipa karibu kila kitu nilichokuwa nakitafuta. Muhogo wa nguruwe ndilo jina la pale nyumbani la muhogo mchungu unaopandwa pembezoni mwa shamba ili nguruwe pori na ngedere wakionja wakatae, wasiingie ndani kwenye muhogo mtamu. Katikati ya shamba lile palikuwa na mbegu tamu, ile ambayo mtoto hung'oa na kuitafuna mbichi akitoka shule. Mkamwana alikulia katika familia iliyolima mbegu tamu peke yake. Njia aliyofundishwa na mama yake ni ya makopa: menya, pasua, anika juani mpaka mkavu uvunjike kwa mkono, twanga, peleka mashine. Hakuwahi kumdhuru mtu kwa njia hiyo na hakuwa na sababu ya kuiacha. Bibi yeye aliolewa kutoka upande wa Kibondo, katika kaya iliyoishi kwa muhogo mchungu, na kwake kuloweka ni desturi, mbegu iwe tamu au chungu.

Kwa hiyo kosa la mapishi halikuwepo. Mama wa watoto alifanya kile alichokifanya miaka yote. Kilichobadilika ni muhogo wenyewe uliomfika mkononi, na sababu ya kubadilika iko shambani.

Misimu miwili kabla ya hapo, familia ilipata pingili za muhogo kutoka kwa ndugu wa upande wa mpakani. Zilikuwa nene, za kijani kibichi, zenye macho mengi. Mimi mwenyewe ningezisifia. Zilikuja juu ya baiskeli zimefungwa mzigo mmoja, kama mbegu ya muhogo inavyosafiri siku zote huku kwetu, kutoka kwa shemeji kwenda kwa shangazi, bila karatasi. Zilichipua vizuri. Majani ya juu hayakujikunja wala hayakuwa na mabaka ya njano, na hayo ndiyo mambo mawili ambayo mkulima wa Kigoma amefundishwa kuyatazama, maana hizo ni dalili za ugonjwa wa batobato. Batobato imeandikwa na wataalamu tangu 1894, kwa mara ya kwanza huko Usambara, na hata asiyesoma anaitambua akiwa barabarani. Shamba lile halikuwa na batobato. Lilikuwa na michirizi ya kahawia.

Huu ugonjwa wa pili una tabia ya kujificha. Njano yake hujitokeza kwenye majani ya chini yaliyokomaa, kando ya vishipa, nayo majani hayo hudondoka yakiisha muda wake, na mkulima hawezi kujua kama yamedondoka kwa uzee au kwa maradhi. Kwenye shina la kijani huweza kutokea vistari vya kahawia, huweza pia visitokee. Mti unasimama, unapendeza, unakua. Chini, ndani ya mzizi, panaota mabaka ya njano na kahawia, makavu, magumu kama kizibo cha chupa, na kadiri mzizi unavyokaa ardhini ndivyo yanavyotanuka. Wanaosababisha ni virusi wa aina mbili zenye undugu, na wanaohamisha kutoka mti hadi mti ni nzi weupe, wadudu wadogo wanaoruka kama vumbi ukitikisa jani. Lakini nzi mweupe hawezi kuvibeba virusi hivyo kwa muda mrefu. Ndani ya siku moja au mbili huwa ameshaviacha. Yeye ni wa kueneza kutoka tuta hadi tuta. Safari ndefu ni kazi ya binadamu na pingili zake.

Kuna jambo jingine lililowafanya watu wa Kasulu wasiutarajie. Mtafiti H. H. Storey aliueleza ugonjwa huu mwaka 1936 akiwa Amani, Tanga, na kwa miongo mingi ukachukuliwa kuwa ni wa pwani na mwambao wa Ziwa Nyasa, usioweza kusumbua nchi za juu ya mita 1,000. Wapo mabwana shamba waliostaafu ambao bado wana imani hiyo. Mwaka 2004 ulithibitishwa Uganda katika mashamba yaliyo juu ya kimo hicho, kisha ukashika eneo la Ziwa Viktoria, na mwaka 2011 ukaripotiwa Burundi, jirani kabisa na Kasulu, Buhigwe na Kibondo. Kimo kilichodhaniwa ni kinga hakikuwa kinga.

Virusi hivi havimwambukizi mtu. Niliulizwa swali hilo mara nyingi kijijini na nililijibu kwa sauti, kwa sababu uvumi kwamba "muhogo una virusi" ulikuwa umeanza kuwatisha akina mama. Mtu anaweza kula muhogo wenye michirizi, akikata sehemu iliyooza, na virusi vile visimfanye lolote. Njia iliyotoka kwenye mti mgonjwa hadi kwa mtoto mgonjwa ilikuwa nyingine kabisa.

Mkulima wa muhogo hana haja ya ghala. Ghala ni ardhi: unachimba unachokula leo, kilichobaki kinakungoja mwaka, hata mwaka na nusu. Michirizi ya kahawia huvunja mpango huo. Juni ile walipoanza kuchimba katikati ya shamba, mzizi mmoja ulikuwa mzima, miwili inayofuata imeoza ndani. Walichoweza kuokoa kwenye mbegu tamu walikikata vipande wakakiuza haraka, kwa sababu kila wiki ya kusubiri ilikuwa ya hasara. Muhogo wa nguruwe wa pembezoni, mbegu ya zamani ya ukoo, ulikuwa mzima. Ndio uliobaki kuwa chakula. Zamani mizizi michache ya pembezoni iliingia ndani ya mingi mitamu na hakuna aliyeona tofauti. Msimu ule sehemu kubwa ya makopa yaliyoanikwa ilikuwa michungu, nayo yalitengenezwa kwa njia ya muhogo mtamu.

Hapa inabidi tuingie ndani ya mzizi. Muhogo hautunzi sumu yake, sayanidi, ikiwa huru. Unaitunza imefungwa kwenye kiini kiitwacho linamarini, na mbali yake kidogo, kwenye kuta za seli, unaweka kimeng'enya cha kukivunja. Seli zikipasuka, viwili hivi vinakutana na sayanidi inatoka. Ni silaha dhidi ya wala mizizi. Sasa, mama anayetengeneza muhogo mchungu anautaka mkutano huo utokee, utokee wote, mapema, kabla ya chakula kufika mdomoni, kwa sababu sayanidi ikishakuwa huru ni rahisi kuiondoa: huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, na kwa joto la mchana wa kawaida hupaa yenyewe. Kuloweka siku tatu, nne, tano kunalainisha mzizi, seli zinafumuka, kimeng'enya kinafanya kazi, maji yanabeba. Kidole gumba cha bibi kinachobonyeza muhogo ni kipimo sahihi cha kazi hiyo, na sioni kama kuna chombo cha bei nafuu zaidi.

Jua kali linafanya kinyume na watu wanavyodhani. Linakausha haraka, na kimeng'enya bila maji hakifanyi kazi. Kipande kinene kilichokauka kwa siku mbili za upepo wa Julai kinabaki na linamarini ndani, imetulia. Vipimo vilivyofanywa Afrika Mashariki vinaonyesha kuwa muhogo uliokaushwa juani moja kwa moja hubaki na kati ya robo na theluthi ya sumu yake ya mwanzo, ilhali uliovundikwa kwa kurundikwa hubaki na kama nusu ya kiasi hicho. Kwenye muhogo mtamu, theluthi ya kidogo ni kidogo sana. Kwenye mchungu ni habari nyingine.

Na kupika hakuokoi. Hili wengi hawakulikubali, hasa wale wanaoamini ugali ulioiva vizuri hauna ubaya. Maji ya moto yanaua kimeng'enya, lakini linamarini yenyewe inastahimili moto wa sufuria. Inaingia tumboni ikiwa nzima, halafu bakteria wa utumbo wanaivunja humo humo. Ndiyo maana dalili zilikuja baada ya saa kadhaa, si palepale mezani. Mtoto wa miaka sita aliyekula tonge karibu sawa na la mama yake alipata kipimo kikubwa zaidi kwa kila kilo ya mwili wake.

Mwili una njia yake ya kuivunja nguvu sayanidi na kuitoa kwa mkojo, ila unahitaji salfa inayotoka kwenye protini: dagaa, migebuka, maharage, mayai. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki wapumzike na kuzaliana. Sina ugomvi na uamuzi huo. Ziwa lilikuwa linahitaji. Lakini katika nyumba ile dagaa walipotea mezani tangu Juni, wakabaki na ugali na kisamvu mchana na usiku. Siwezi kusema dagaa wangezuia yaliyotokea usiku ule. Nasema mwili uliokuwa ukipambana na sumu kidogo kidogo kila siku ulikuwa umeishiwa vifaa.

Nani alithibitisha? Maabara haikuhusika. Kuna karatasi za pikrati ambazo hugeuka kutoka njano kuelekea kahawia zikiwekwa na unga wenye sayanidi, lakini kwenye kata hatukuwa nazo. Tulichonacho ni mfuatano: mbegu ipi, njia ipi, muda gani, nani aliumwa na kwa kiasi gani, nani hakuumwa. Mfuatano huo unafanana mno na ulioandikwa kwingine kiasi kwamba ningeshangaa kama jibu lingekuwa tofauti. Septemba 2017, wilayani Kasese nchini Uganda, watu 98 waliugua na 2 wakafa baada ya kula ugali wa muhogo. Unga uliopimwa ulikuwa na wastani wa miligramu 88 za sayanidi kwa kilo, wakati kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa unga wa kuliwa ni 10.

Kubaya zaidi kuliko kutapika ni kule kusikoonekana kwa usiku mmoja. Mahali ambapo watu wameishi kwa muhogo mchungu usiotengenezwa vyema, wiki baada ya wiki, bila protini, umezuka ugonjwa wa konzo: mtoto au mama anaamka asubuhi miguu imekakamaa, na haitarudi kuwa kama ilivyokuwa. Nampula, Msumbiji, mwaka 1981 waliopata walizidi 1,000. Kwetu uliandikwa Tarime mwaka 1985. Nyumba ile ya Kasulu haikufika huko, na niliuliza kuhusu miguu ya kila mtoto.

Uongozi wa kijiji, kwa nia njema nadhani, ulipiga marufuku kuuza muhogo wa aina yoyote kwa muda. Sikuona faida yake. Akina mama waliolowesha mihogo yao kwa uangalifu wakakosa hela ya gulio, wenye makopa machungu wakayala nyumbani badala ya kuyauza, na hakuna aliyejifunza tofauti ya kimoja na kingine. Marufuku ikaisha kimya kimya.

Tulichofanya ni kidogo na cha vitendo. Nyumba ile ilikuwa na zaidi ya nusu gunia la unga na hakuna aliyekuwa tayari kuutupa, wala sikuwashauri hivyo. Kuna njia ya kulowanisha unga iliyotumika Kongo katika vijiji vya konzo: unga unawekwa kwenye beseni, unaweka alama mahali ulipofikia, unaongeza maji huku ukikoroga; kimo kinashuka kwanza, kisha kinapanda, na ukirudi kwenye alama unaacha. Unautandaza kwenye mkeka kwa unene usiozidi sentimeta moja, saa mbili juani au saa tano kivulini, na unapika siku hiyohiyo. Kimeng'enya kilicholala ndani ya unga kinaamka, sayanidi inapaa, kiasi kinashuka hadi theluthi au chini yake. Bibi alitazama mkeka, akasema mambo ya maji tena. Mkamwana alicheka, na hicho kilikuwa kicheko cha kwanza nilichosikia kati yao.

Shambani tuling'oa na kuchoma kila mti wa mbegu iliyoletwa, pamoja na mashina yaliyokuwa yameegeshwa ukutani yakisubiri kupandwa. Kuhusu mbegu mpya huwa nawaonea haya wenzangu wanaofika kijijini na ushauri wa "tumieni mbegu bora" bila pingili hata moja kwenye gari. Mbegu zinazohimili michirizi zipo: Kiroba, Mkuranga 1, Chereko, Kizimbani, na za karibuni za kundi la TARICASS. Kuhimili si kinga, lakini. Kiroba inaweza kubeba virusi huku mizizi yake ikichelewa kuoza, kwa hiyo hata hiyo inahitaji kutoka kwa mzalishaji aliyekaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kudhibiti ubora wa mbegu, hata kama ni wa mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, zile zinazozalishwa na wakulima wenyewe chini ya ukaguzi, na si kutoka kwa shemeji. Familia ilipata pingili za robo eka kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Pembezoni walirudisha muhogo wa nguruwe, kwa sharti la bibi kwamba unachimbwa, unalowekwa na kuanikwa mbali na mwingine. Shamba la jirani, hatua chache kutoka hapo, bado lina mbegu iliyotoka kwenye mzigo uleule wa baiskeli, na mwenyewe haoni sababu ya kung'oa miti yenye majani mazuri namna ile.

Swali ambalo sijaweza kulifunga linahusu debe za makopa zilizouzwa gulioni siku chache kabla ya usiku ule. Ziliingia kwenye gunia la mchuuzi pamoja na za nyumba nyingine, na gunia likaondoka. Mchuuzi huchagua kwa macho, na macho hupenda weupe. Udaga, yaani muhogo uliovundikwa kisha ukakaushwa, hutoka na rangi ya kijivu na harufu yake. Makopa ya jua la moja kwa moja hutoka meupe. Kwa bei ya msimu ule, meupe yalilipa zaidi. Sasa akina mama wa kikundi kimoja wameanza kuuza uliolowekwa kwenye mifuko iliyofungwa uzi mwekundu, na wanawaeleza wanunuzi uzi huo una maana gani. Mchuuzi mmoja amekubali kuutofautisha. Wengine bado wanamwaga vyote kwenye gunia moja.